Maktaba za vyuo zinatuangusha sisi tunaotafiti filamu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Nipo Moshi, nasoma uzamili, tasnifu yangu ni historia ya sinema Tanzania. Ada nimelipa yote, pamoja na fungu la maktaba ambalo huwezi kulikwepa. Sasa njooni muione hiyo maktaba.

Rafu ya filamu ni ile ya namba 791.43. Vitabu vyake ukivishika vumbi linakubakia vidoleni. Kimoja kinafundisha kukata mkanda wa filamu na kuuunganisha kwa gundi. Muhuri wa mwisho wa kuazimwa ni wa 1991. Kuhusu filamu za Tanzania hakuna hata kimoja. Laura Fair ameandika kitabu kizima kuhusu majumba yetu ya sinema na watazamaji wake, kimechapishwa Ohio 2018. Nilijaza fomu kiagizwe. Kimya mpaka leo.

Haya, vitabu ni ghali, hilo nalielewa. Kinachonichoma roho ni vitu ambavyo tungeweza kuvipata bure au kwa bei ya kutupa na hakuna anayehangaika. JSTOR, ile hifadhi ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, yenye majarida ya filamu ya miaka na miaka, ina mpango kwa taasisi za Afrika: ada inashushwa sana au inafutwa kabisa. Lakini lazima chuo chenyewe kiombe! Nimeuliza dawatini, nimejibiwa, "Mdogo wangu, mambo ya mtandao nenda kwa watu wa kompyuta." Watu wa kompyuta wakanirudisha maktaba. Msimamizi wangu anataka vyanzo vya kitaaluma, na ana haki. Nivitoe wapi?

Nimejifungulia akaunti binafsi ya JSTOR. Inaruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi, ila ni kusoma kwenye skrini tu, kupakua hairuhusiwi. Kila nikitaka kurudia aya moja, bando linaondoka. Umeme ukikatika na mnara ukazima, sina hata ukurasa mmoja mkononi.

Na kuna hili linaloniuma kuliko yote. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri, juu ya Korogwe, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa filamu za kuelimisha Waafrika, Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu 35, na waigizaji walikuwa watu wetu. Zilizosalia ni tatu, zipo British Film Institute, London. Basi la Moshi kwenda Dar linapita Korogwe kila siku, lakini kuhusu mradi ule maktaba yangu haina hata kijitabu. Habari zake nimezipata kwenye katalogi ya mtandaoni ya filamu za kikoloni, ambayo imeorodhesha filamu zaidi ya 6,000, na zaidi ya 150 unaweza kuzitazama hapo hapo bila malipo. Nimeigundua mwenyewe usiku, kwa kubahatisha. Mkutubi analipwa mshahara kwa kazi gani kama si kumwelekeza mwanafunzi kwenye kitu kama hicho?

Wanafunzi wa afya wana mtu wao pale maktaba, wanafundishwa kutafuta makala toka mwaka wa kwanza. Sisi wa filamu tunaonekana tunacheza.

Kama humu kuna mkutubi wa chuo chochote, Arusha, Dar, popote, naomba anijibu wazi: maombi ya JSTOR anayatuma nani, mkutubi mkuu au makamu mkuu wa chuo? Barua nimeshaiandika, nataka tu kujua naipeleka ofisi ipi Jumatatu.