Mliorudia fomu siksi kwa ajili ya MD (digrii ya udaktari) nipeni uzoefu, nirisiti (nirudie mtihani) au nikubali nilichopata?

Binti wa Sakina:
Habari zenu wakubwa na wadogo. Matokeo yametoka, nina Kemia C, Baiolojia D, Fizikia E, divisheni two ya 12. Tangu niko darasa la tano nataka udaktari tu sijawahi kutaja kitu kingine, sasa hiyo E ya fizikia ndo imenifungia mlango maana MD wanataka D kwenda juu masomo yote matatu. Nyumbani wamegawanyika, baba anasema nijaze uuguzi nisipoteze mwaka, mama hasemi kitu ila juzi usiku nimemkuta amekaa kitandani anahesabu hela za kikoba, aliponiona akazifunika na khanga. Jana nimepanda hiace pale Kilombero nikakaa pembeni ya dada mmoja ana koti jeupe amelikunja vizuri mapajani, nikashuka kituo kimoja kabla ya kwetu kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja. Mliorisiti niambieni ilikuwaje, msinifiche.

Kijenge Mwanama:
Pole mdogo wangu. Na mimi E hiyohiyo ila yangu ya kemia, nipo hapa nasoma komenti.

Chalii wa Unga Limited:
Sasa unalia nini wakati una pointi 12? Mbona MD wanataka pointi 6 tu, wewe umezidisha mara mbili. Omba KCMC, ile hospitali yenye chuo cha udaktari hukohuko Moshi, acha uoga.

Nyundo ya Rau:
Wewe usimpoteze mtoto wa watu! Hizo ni pointi mbili tofauti. 12 ni za Necta, baraza la mitihani, kule A ni 1, B ni 2, inaongezeka hivyo, ukiwa na kidogo ndo umefaulu. Za TCU, tume ya vyuo vikuu, zinageuzwa, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo huyu binti ana 3+2+1 ambayo ni 6, na mwenye DDD naye ana 6, wote ni two ya 12, lakini mwenye DDD anaruhusiwa kuomba MD na huyu mwenye C na E haruhusiwi. Inauma ila ndo ilivyo.

Chalii wa Unga Limited:
Nimekuelewa bro, ila ungeweza kusema bila kunifokea.

Nyundo ya Rau:
Nafoka kwa sababu mwaka wangu mimi niliambiwa hivyohivyo na mtu kijiweni, nikalipia maombi vyuo vitatu, awamu zote zikapita mfumo unaniambia huna sifa. Nilikuja kujua kosa mwezi wa kumi na moja na usajili wa kurudia mtihani wa Mei ulishafungwa. Nikakaa nyumbani miaka miwili badala ya mmoja. Kwa hiyo binti kama unarisiti jisajili sasa hivi kama mtahiniwa wa kujitegemea, usisubiri uone maombi yataishaje.

Tabibu wa Ngaramtoni:
Mi naomba niseme ya upande wa pili. Nilipata matokeo mabaya kuliko yako, sikurisiti, nikaenda diploma ya utabibu miaka mitatu. Leo nipo zahanati, wagonjwa wananiita dokta, mshahara ni wa kawaida ila ni wangu na nimemsomesha mdogo wangu mmoja. Hesabu yangu ilikuwa nifanye kazi kidogo halafu niende MD kwa diploma yangu, wanataka GPA (wastani wa alama za chuo) 3.0 na mimi nilikuwa nayo, nikajaza kwa furaha kabisa. Kumbe kuna kipengele wanataka uwe na D za fomu foo kwenye kemia, baiolojia, fizikia, kiingereza NA HESABU. Hesabu yangu ya fomu foo ni F. Nina miaka 29, nina mtoto, nikarudi kukaa chumba cha mtihani wa fomu foo na vijana ndevu hazijaota, msimamizi akanipa heshima ya mwalimu akadhani nimekuja kusimamia. Nimepata D yangu. Kwa hiyo dada angalia cheti chako cha fomu foo kabla hujashauriwa na mtu yeyote hapa, mimi nikiwemo.

Kijenge Mwanama:
Mungu wangu, hesabu nina F 😭

Mama wa Watatu Njiro:
Wanangu poleni. Mimi ni mzazi, wa kwanza wangu alirisiti na sijutii hata shilingi. Mtoto akikuambia anataka kitu tangu la tano msimbadilishie. Huyo mama anayehesabu hela za kikoba namuelewa sana, ameshaamua huyo, anatafuta tu namna ya kumwambia mzee.

Dada Mzima wa Majengo:
Mama Njiro shikamoo, ila kwa heshima zote napingana na wewe. Mimi nilirisiti mara mbili kwa sababu ya mama yangu, sio yangu. Mara ya kwanza Fizikia E, mara ya pili E tena, na baiolojia ikashuka kutoka C kwenda D. Miaka miwili wenzangu wako chuo mimi nipo chumbani na feni inazunguka. Mwishowe nikajaza uuguzi, digrii, nikapata. Nikiwa zamu usiku wodi ya watoto ndo najiona mimi kamili, sitamani koti la mtu. Na binti kwa matokeo yako hayo, C ya kemia na D ya bio na E ya fizikia, uuguzi unaingia hata leo. Usiuone kama adhabu jamani, inaniuma watu wanavyousema.

Mama wa Watatu Njiro:
Marahaba mwanangu. Sijasema uuguzi ni adhabu, hilo umeliweka wewe.

Dada Mzima wa Majengo:
Umesema "msimbadilishie" mama. Mi ndo nilivyoisoma. Yaishe.

Mpiga Titresheni:
Kuna kitu watu hawakisemi. Ukirisiti nadharia utasoma hata chini ya mgomba, kazi ipo kwenye praktiko. Kituo changu cha twisheni hapa Arusha (sitaki kukitaja) maabara ilikuwa meza moja na bureti nne (mirija ya kupimia asidi), mbili zinavuja kwenye koki. Mwaka mzima nimefanya titresheni mara tatu. Siku ya mtihani naachia asidi kwenye chupa, nasubiri rangi igeuke kutoka njano iwe ya chungwa, pale ndo pa kufunga, mkono unatetemeka, nimekuja kufunga imeshakuwa nyekundu kabisa. Ya pili nyekundu. Ya tatu nikaogopa nikafunga bado ya njano. Namba zangu zilikuwa hazifanani hata mbili. Nadharia niliipiga vizuri, naijua, lakini nilitoka mle ndani nikakaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akanifukuza. Nenda kaangalie bureti kabla hujalipa ada. Zishike na mikono yako.

Nyundo ya Rau:
👆 Hii ichapishwe ibandikwe ukutani.

Mzawa wa Kibosho:
Nilikuwa nasoma kimyakimya ila hiyo ya mama kufunika hela na khanga imenigusa pabaya ngoja niandike, itakuwa ndefu mnivumilie. 2017 nilipata CDE, E yangu ilikuwa ya baiolojia. Mzee aliniuliza umepata ngapi nikasema two, na kweli ilikuwa two, hapo sikudanganya. Uongo ulianza aliposema kwa hiyo unaenda KCMC, nikaitikia ndiyo baba. Yeye ni mtu wa kahawa na ndizi hajasoma zaidi ya la saba, na ile hospitali imefunguliwa 1971 yeye akiwa kijana mdogo, maisha yake yote akiitaja anaitaja kama mtu anayetaja kanisa. Jumapili iliyofuata akasimama ibadani akatoa sadaka ya shukrani. Baada ya hapo ningesema nini?

Oktoba nikabeba begi na godoro, ukoo umenisindikiza mpaka barabarani, ada nikamwambia bodi ya mikopo imelipa yote. Nikashukia mjini nikapanga Pasua na jamaa anauza viatu vya mtumba Kiboriloni. Asubuhi namsaidia kupanga viatu, mchana twisheni, usiku pasti pepa kwa tochi ya simu. Mzee akipiga nasema ndo natoka maabara ya anatomia. Anauliza mmesoma nini leo, namsomea chochote kwenye kitabu cha baiolojia cha fomu siksi, na anasikiliza!

Februari, siku ya soko, simu inaita. "Niko hapa getini hosteli kwenu, mlinzi anataka jina lako na mwaka wa ngapi, njoo unipokee nimekuletea ndizi." Nilipanda toyo sikumbuki hata tulipita wapi. Nimemkuta amekaa juu ya kiroba cha ndizi amevaa koti lake la kanisani, amevua viatu, anavipangusa tope kwa jani la mgomba ili asiingie chuoni na uchafu. Kile kitendo cha kupangusa kile ndo kilinimaliza. Nikamwambia baba mimi sisomi hapa. Akasema unasoma geti gani basi, twende. Nikamwambia sisomi geti lolote.

Nilimweleza yote nimesimama hapohapo, wanafunzi wanapita na makoti yao. Hakunipiga wala hakusema neno. Akavaa kiatu kimoja akafunga kamba, akavaa cha pili akafunga kamba, polepole kabisa. Ndo akauliza, mtihani ni lini? Nikasema Mei. Akasema basi hizi ndizi tupeleke unapolala.

Kijenge Mwanama:
Nalia niko kwenye daladala.

Mama wa Watatu Njiro:
Eeh Mungu. Baba huyu.

Chalii wa Unga Limited:
Sasa Mei ikawaje?? Usituachie njiani mzee

Mbishi wa Mbuyuni:
Hii chai, tena ya maziwa. Kibosho na Moshi mjini ni pua na mdomo, Kiboriloni siku ya soko nusu ya ukoo wenu iko pale inachambua nguo, leo utuambie miezi minne hakuna aliyekuona? Tunapoteza uzi wa maana wa binti kwa hadithi.

Mzawa wa Kibosho:
Aliniona mtu. Mjomba wangu, Novemba, alinikuta nimeshika viatu mikononi naita wateja. Aliniangalia, akachagua raba jozi moja, akalipa bei niliyotaja bila kupunguziwa, akaondoka. Hakusema kwa mzee mpaka siku ile ilipofumuka. Hizo raba hazikumtosha, bado anazo. Usiponiamini ni sawa ndugu, sikuandika kwa ajili yako.

Dada Mzima wa Majengo:
Mbishi omba radhi.

Mbishi wa Mbuyuni:
Haya, ya raba nimeikubali. Samahani mkuu.

Mzawa wa Kibosho:
Kwa wanaouliza Mei: Bio C, Kemia C, Fizikia D. Moshi sikupata, D zipo ila wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache, hilo binti ulijue, hiyo D ni ya kukufikisha mlangoni tu, kuingia kuna foleni nyingine. Nikapata MD mkoa mwingine. Miaka mitano, intanshipu mwaka mmoja, nimemaliza. Saa hizi nasubiri ajira, nafanya zamu za kuitwaitwa hospitali binafsi. Mzee anajua hilo pia, simfichi kitu tena.

Chalii wa Unga Limited:
Kumbe mateso yote yale na bado ajira hakuna? Binti kimbia, nenda uuguzi.

Tabibu wa Ngaramtoni:
Na wauguzi nao wako mtaani chalii, na matabibu pia. Ukichagua kwa kuangalia ajira peke yake utahama kozi kila mwaka.

Mpiga Titresheni:
Binti swali moja tu, E yako unahisi ilitokea wapi? E ni 40 mpaka 49 na Necta hawakuambii maksi, sasa aliyekuwa 48 na aliyekuwa 41 wote wanabeba herufi moja lakini kazi yao ya kurudia haifanani hata kidogo.

Binti wa Sakina:
Nimewasoma wote, asanteni sana, nyingine nimezirudia mara mbili. Kaka Titresheni, nadhani ni pepa ya pili, maswali ya umeme niliyaacha mawili wazi kwa sababu mwalimu wetu wa fizikia alihama tukiwa fomu siksi mwanzoni na hatukupata mwingine mpaka mwisho, topiki zile tulijisomea wenyewe. Za mekanika niliziweza zote. Cheti cha fomu foo nimekiangalia sasa hivi, hesabu nina C.

Na nimemsomea mama ile ya baba wa Kibosho. Alikuwa anachambua mchele, akaacha. Akaniuliza, huyo mwalimu wa umeme anapatikana wapi, na bei gani kwa mwezi.

Mpiga Titresheni:
Basi nakuona upo kwenye zile 40 za juu, karibu na D, mdogo wangu. Umeme unafundishika.

Dada Mzima wa Majengo:
Kama mama mwenyewe ameuliza bei mi sina neno. Jisajili tu, ila fomu ya uuguzi ijaze pia wiki hii, ukipata utaamua wakati huo una vyote viwili mkononi.

Nyundo ya Rau:
Nina pasti pepa za fizikia za miaka kama nane, majibu ya umeme nimeyaandika pembeni kwa penseli, kurasa kadhaa zimelowana masika ila zinasomeka. Jumamosi naleta mzigo Arusha, niambie unapitia stendi saa ngapi.