Wajukuu wa Bi Mwanaisha (kikundi cha familia)

Shangazi Zena, 19:42
Asalaam alaykum wanangu. Nasikia Nasri kaungua na chai. Nasema wazi, mtoto aje kwangu Muheza. Mama yake, Rehema, haoni, mtoto ana miaka 3, mbio tu kutwa. Tunasubiri yatokee makubwa?

Juma Dar, 19:44
Waalaykum salaam shangazi, shikamoo. Kaungua sana?

Mama Sele, 19:45
Kidole kimoja. Nilikuwepo. Kikombe alikiweka mgeni ukingoni mwa meza, na mgeni ana macho yake mawili. Rehema alimbeba hadi bombani, akakishikilia kile kidole kwenye maji kama dakika 20. Mie nilikimbilia dawa ya meno, akanikatalia.

Fadhili, 19:46
Na Sele alimeza sarafu ya mia ukimtazama 😂

Mama Sele, 19:46
Usinikumbushe. Siku mbili nachunguza poti.

Shangazi Zena, 19:49
Chekeni. Mie namwonea huruma tu. Mtoto akiugua usiku, dawa atapimaje?

Mjomba Hamisi, 19:51
Shangazi ana hoja. Wakubwa tukae tuamue, halafu Rehema ataelezwa taratibu.

Rehema, 19:53
Mjomba, nipo humu. Simu inanisomea kila kitu, hata vikatuni vya Fadhili. "Uso unaocheka kwa machozi."

Fadhili, 19:53
Samahani dada 🙈

Rehema, 19:58
Shangazi shikamoo. Dawa napima kwa bomba la sindano. Nesi mmoja alinichongea alama kwa wembe kwenye mchi wa bomba. Nikivuta mpaka kidole kikaigusa, ni mililita 5. Homa nampima kwa shavu langu shingoni kwake, kama ulivyokuwa unatupima sisi. Na kiatuni ana kikengele. Kikilia nina amani, kikinyamaza ndipo nanyanyuka.

Shangazi Zena, 20:01
Marahaba mwanangu. Sikujua ya bomba.

Juma Dar, 20:03
Tena kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa 2006. Tanzania tuliuridhia 2009. Ibara ya 23 inasema mtoto asitenganishwe na wazazi kwa sababu ya ulemavu, uwe wake au wa mzazi.

Shangazi Zena, 20:04
Ibara haibembelezi mtoto usiku, Juma.

Juma Dar, 20:05
Kweli shangazi. Ila hiyohiyo inasema mzazi asaidiwe kulea. Tumuulize mwenyewe anataka nini.

Rehema, 20:11
Mnanitumia picha ya kadi ya kliniki, simu inasema "picha", basi. Nisomeeni kwa sauti, uzito na tarehe ya kurudi. Mwezi uliopita pale kliniki nesi kamuuliza Mama Sele, "Mtoto wake anakula vizuri?" Nimempakata mimi! Mama Sele akamjibu, "Muulize mama yake." Msaada ndio ule.
Na mjomba, usinikasirikie. Juzi ulimwambia Nasri "wewe ndiyo macho ya mama". Ana miaka 3. Fimbo ninayo, mwacheni acheze.

Mjomba Hamisi, 20:16
Nimekuelewa mwanangu. Nilidhani namsifu.

Mama Sele, 20:17
Jumanne kliniki twende wote. Kadi nitasoma mie, kuongea utaongea wewe.

Fadhili, 20:18
Mie natuma hela ya viatu vipya. Kikengele mtahamisha.

Shangazi Zena, 20:24
Basi nije mimi huko Tanga, wiki moja tu. Nitalala wapi?

Rehema, 20:25
Karibu sana shangazi, tutakubanania. Ila vyombo usinihamishie. Mara ile ulipopanga jiko, chumvi niliitafuta siku tatu.

Shangazi Zena, 20:26
Nilikuwa nasafisha!

Rehema, 20:26
Najua. Ilikuwa juu ya friji.