Kwa nini baraza la mawaziri la Palestina lilikuwa gumu vile kuundwa?

Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa, Hamas walishinda uchaguzi wa Januari 2006 viti 74 kati ya 132, wapinzani wao chama cha Fatah wakapata 45, sasa kama una wingi bungeni si unaunda serikali yako unaendelea na kazi? Shida ilikua wapi?

Jibu 1:
Mkuu shida ni kwamba rais alikua Abbas wa Fatah, na yeye ndo anamteua waziri mkuu. Ismail Haniyeh wa Hamas akawa waziri mkuu, akaunda baraza Machi 2006 ila Fatah wakagoma kuingia, halafu Marekani na Ulaya wakakata misaada na Israel ikazuia pesa za kodi, wafanyakazi wa serikali wakakaa miezi bila mishahara kamili. Hapo ndo inaniuma, wananchi walipiga kura tu jamani.

Jibu 2:
Naongezea, ugomvi mkubwa ulikua wizara ya mambo ya ndani maana ndo inashika polisi. Baada ya makubaliano ya Makka Februari 2007, ambapo Hamas na Fatah walikubaliana kuunda serikali ya umoja, wizara hiyo wakampa mtu asiye wa chama chochote, Hani al-Qawasmi, wizara ya fedha akapewa Salam Fayyad, lakini Qawasmi aliachia ngazi Mei mwaka huohuo tu, hakua na nguvu juu ya vikosi.

Muuliza swali:
Asante sana, kwahiyo serikali ya umoja ilidumu muda gani?

Jibu 2:
Miezi mitatu hivi. Juni 2007 Hamas wakaiteka Gaza, Abbas akamfuta Haniyeh.