Foleni ya kulipia supamaketi: tupeane uzoefu

Mleta uzi

Wakuu, naomba leo tuzungumzie foleni ya kulipia supamaketi. Foleni nyingine mtu anaiendea akiwa amejiandaa. Hii inakukamata ukiwa umeshamaliza shughuli: vitu viko kwenye toroli, pesa unayo, unachotaka ni kulipa uondoke, halafu hapo hapo ndipo unaposimamishwa. Kinachoniumiza zaidi ni kuona kaunta zimepangwa safu nzima, zenye watu ni mbili tu.

Naanza na langu. Juzi mbele yangu alikuwepo mzee analipa kwa sarafu, anazihesabu moja moja. Nyuma watu wakaanza kuguna, mmoja akasema kwa sauti kwamba wazee waje asubuhi. Keshia, binti mdogo tu, akamwambia, "Babu, tuhesabu wote," akaanza kuzipanga naye mezani. Wakamaliza. Kule kuguna kuliniuma kuliko kusubiri kwenyewe.

Karibuni. Waliowahi kukaa upande wa pili wa kaunta ndio ninaowasubiri zaidi.

Keshia Mstaafu

Asante kwa kumsemea huyo binti. Nimekaa kaunta miaka mingi na nataka watu waelewe jambo moja: wingi wa vitu sio unaokula muda. Vitu vyenye bakodi, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, vinapita haraka. Muda unaliwa na malipo, na yale yanayokwama.

Kadi imekataa, mteja anajaribu nyingine. Bidhaa haina bakodi, mtu anatumwa rafuni kutafuta inayofanana nayo. Bei ya rafuni na ya kwenye mashine hazilingani. Mteja amebadili mawazo, na pale nilipofanyia kazi keshia haruhusiwi kufuta kitu peke yake, lazima msimamizi aje na ufunguo wake, na msimamizi huyo anaitwa na kaunta tatu kwa wakati mmoja. Karatasi ya risiti imeisha. Zamu imebadilika, droo inatolewa na nyingine inaingia. Yote hayo anayetukanwa ni keshia.

Zamani ilikuwa kazi zaidi, kila bei ilibonyezwa kwa kidole. Bakodi ya kwanza kusomwa dukani ilisomwa tarehe 26 Juni 1974, kwenye supamaketi moja mjini Troy, Ohio, Marekani. Bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's. Tangu hapo vidole vimepumzika, lakini kulipa na kufungasha bado kunakwenda kwa kasi ya binadamu.

Kwa hiyo mkichagua foleni, msitazame toroli zilivyojaa. Hesabuni vichwa. Mtu mmoja mwenye toroli kubwa analipa mara moja. Watu watano wenye vikapu vidogo wanalipa mara tano.

Mama Mapacha

Keshia, hapo kwenye vichwa nimekuelewa, nilikuwa nafanya kinyume kabisa.

Langu ni lile rafu la peremende pale pale kaunta, kwenye usawa wa macho ya mtoto. Mtu amekataa peremende duka zima, amefanikiwa, halafu anasimamishwa mbele yake na watoto wawili wenye njaa na usingizi. Wangu walilia mpaka mmoja akatapika. Mwanaume aliyekuwa mbele yangu akasogeza toroli yake pembeni, akasema, "Dada, pita." Hakutaka hata kushukuriwa. Waliokuwa nyuma yake walinyamaza, na kunyamaza kwao nilikuhesabu kuwa ruhusa.

Wenye maduka wanajua wanachofanya wanapoliweka pale. Sioni kosa kuwaambia waliondoe hata kwenye kaunta moja.

Mwalimu wa Hesabu

Mleta uzi amegusa kaunta zilizofungwa, na hili lina hesabu yake. Mwaka 1909 mwanahisabati Agner Krarup Erlang wa Denmark alichapisha kazi kuhusu simu zinazoingia bila mpangilio, akiwa kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen. Hesabu za foleni zimekulia hapo.

Chukueni mfano rahisi: keshia mmoja, wateja wanafika bila ratiba, na kila mmoja ana muda wake wa kuhudumiwa. Keshia akiwa na kazi 50% ya muda wake, wastani wa watu pale kaunta, pamoja na anayehudumiwa, ni 1. Kazi ikifika 80%, wanakuwa 4. Ikifika 90% ni 9, na 95% ni 19. Angalieni hapo mwishoni: kazi imeongezeka kidogo sana, foleni imekua zaidi ya maradufu. Ndiyo maana kufungua kaunta moja zaidi kunaleta nafuu kubwa kuliko mtu anavyotarajia, na kumwondoa keshia mmoja "kwa dakika chache tu" kunavuruga kila kitu.

Na ile hisia kwamba foleni ya jirani ndiyo inayokwenda: zikiwa tatu, na zote zinafanana, uwezekano kwamba yako ndiyo ya haraka kuliko zote ni 1 kati ya 3. Mara nyingi lazima mojawapo ikupite. Dawa yake ni foleni moja inayolisha kaunta zote. Kadi ya mtu mmoja ikikataa, kero yake inagawanywa kwa wote, na aliyetangulia kufika anatangulia kuhudumiwa.

Mzee wa Kikapu

Mwalimu, foleni moja inaonekana ndefu mno, watu wakiiona mlangoni wanageuka. Nimeshuhudia.

Mwalimu wa Hesabu

Ni kweli, inatisha kwa macho. Lakini unaweza kuipima. Kama mbele yako wapo watu 12 na kaunta zote kwa pamoja zinamaliza watu 2 kwa dakika, utasubiri kama dakika 6. Duka likiandika makadirio hayo kwenye kibao, nusu ya hasira inaisha. Mwaka 1985 David Maister, mtaalamu wa biashara, aliandika kuhusu saikolojia ya kusubiri, na baadhi ya hoja zake ni hizi hizi tunazozisema: kusubiri usikokujua mwisho wake kunaonekana kurefu zaidi, na kusubiri kusiko na haki vilevile.

Mtembea Polepole

Nyote mnazungumzia muda. Mimi nazungumzia kusimama.

Nina tatizo la nyonga ambalo kwa nje halionekani. Sina fimbo, sina bandeji. Kutembea dukani naweza, kusimama mahali pamoja siwezi. Maumivu yanapanda mpaka natokwa jasho. Niliwahi kuomba nipite mbele, mama mmoja akaniangalia kuanzia juu mpaka chini akasema, "Kijana mzima kabisa." Tangu hapo siombi. Nikiona foleni imezidi, narudisha vitu rafuni, natoka mikono mitupu.

Mashine za kujilipia zingenifaa, ila nazo zinapima uzito wa kila kitu unachoweka, ukikosea kidogo zinagoma mpaka mhudumu aje. Unasimama tena.

Sihitaji foleni ya peke yangu. Nahitaji kiti karibu na kaunta, na mtu wa kunishikia nafasi.

Mama Mapacha

Pole sana kaka. Hapo kwenye kushika nafasi ndipo watu wanapogombana. Kuna anayeacha kikapu sakafuni kwenye foleni, anakwenda kuzunguka duka, akirudi anadai alikuwepo.

Mleta uzi

Huyo anayeacha kikapu sakafuni mimi namhesabu na wanaochomekea. Nafasi inashikwa na mtu, na kwa sababu inayoeleweka. Anayekwenda kukaa kwa maumivu na anayekwenda kuendelea na manunuzi hawafanani hata kidogo, na waliopo wanaweza kuamua hilo kwa sekunde moja wakiambiwa ukweli.

Keshia, tukitaka kaunta ziongezwe, nani wa kumwendea?

Keshia Mstaafu

Meneja wa duka, na muende na siku na saa. Ukisema "foleni zenu ndefu" atakuitikia tu. Ukisema "Ijumaa saa kumi na moja jioni kaunta zilikuwa mbili na watu walifika mpaka rafu za sabuni," hilo anaweza kulifanyia kazi.

Kwetu zamu zilipangwa kwa kuangalia mauzo ya kila saa. Mtembea Polepole anaporudisha vitu na kuondoka, kwenye mauzo hayupo kabisa. Saa ile ile foleni inayofukuza watu inaonekana kwenye karatasi kama saa yenye wateja wachache, na zamu inayofuata wanampunguza keshia mwingine. Kwa hiyo kaka, ukiondoka mikono mitupu, pitia kwa meneja kwanza umwambie umeacha nini na kwa nini. Na hicho kiti kitaje hapo hapo.

Mtembea Polepole

Sikuwahi kufikiri kwamba kuondoka kwangu kunasomeka hivyo. Nitamwendea.