MJADALA: Filamu za mateja zinawaonya vijana wetu, au zinawafundisha?

Mama Kato (Jinja): Habari za jioni wote. Juzi nilimfuata kijana wangu kwenye kibanda cha video, nikasimama mlangoni nisubiri macho yazoee giza. Kwenye skrini kuna kijana wa Kizungu kajikunja chooni, jasho linamchuruzika, meno yanagongana, kakosa unga. VJ, yule anayetutafsiria filamu, naye kwenye spika anamtania: "Maskini, leo posho haijaingia!" Kibanda kizima kikaangua kicheko, wangu akiwamo. Sasa naulizeni: hizi filamu na hadithi za vijana walionaswa na dawa za kulevya zinasaidia, au ndiyo shule yenyewe? Kenya walipiga marufuku The Wolf of Wall Street, filamu iliyojaa dawa za kulevya, mwaka 2014. Sisi tunangoja nini?

Fundi Redio (Kisenyi): Mama, kila kitu VJ! Mtoto analipa kiingilio acheke, angetaka mahubiri angeenda kanisani bure. Na hizo za kuonya zilishajaribiwa zamani. Wamarekani mwaka 1936 walitoa Reefer Madness ili kutisha vijana wasiguse bangi. Humo mtu akivuta kidogo tu anaua, mwingine anajirusha dirishani. Miaka ya 70 wanafunzi wa vyuo wakawa wanakusanyika kuitazama wavunjike mbavu, na baadhi wakiwa na msokoto mkononi. Marufuku ya Kenya nayo iliwasaidia wauza CD tu.

Mwalimu wa Mutukula: Mimi hoja yangu ni nyingine. Hizo filamu ni sindano na unga mwanzo mwisho. Mtoto wa Kampala anaweka kuber, ile tumbaku ya unga, chini ya mdomo, ananusa petroli kwenye kitambaa, anakunywa waragi, ile pombe kali. Vile vipakiti vya waragi vilipigwa marufuku 2019, wakahamia kwenye chupa ndogo. Nionyesheni riwaya moja iliyoyaandika hayo vizuri, kwa Kiswahili au Kiganda. Na mairungi, yaani miraa, je? Watu wazima wanayatafuna barazani mbele ya watoto kama karanga, halafu tunalaumu Hollywood.

Mkulima Butambala: Mwalimu, karanga? Hayo mairungi ya huku kwetu Kabasanda yamenijengea nyumba na kusomesha watoto, mmoja wao mwalimu kama wewe. Mtafunaji utamwona anaongea, anaendesha lori usiku, analinda geti. Umeshamwona lini amemkatakata mtu panga? Waragi ndiyo inaua, lakini waragi ina kiwanda na kiwanda kinalipa kodi, kwa hiyo haiguswi. Na ile sheria yenu ya dawa za kulevya ya 2015, iliyoharamisha mairungi, Mahakama ya Katiba iliitupa. Tulishinda. Tuheshimiane.

Wakili Bila Joho: Mzee wangu, usishangilie mapema. Mahakama mwaka 2023 haikusema mairungi ni mboga. Ilisema Bunge lilipitisha sheria bila akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa, kutimia. Wabunge wakarudi, wakaipitisha upya mwaka uleule, na mairungi yamo.

Mmeru wa Busia: Hapo ndipo Uganda mnanichekesha. Huku kwetu Kenya miraa ni zao la biashara, liko kwenye sheria ya mazao, gavana anaipigia debe. Nikivuka mpaka na kitita changu nakuwa mhalifu. Hatua chache tu!

Mwalimu wa Mutukula: Vuka na upande wangu basi, Tanzania nako ni marufuku. Na Waingereza waliipiga marufuku 2014. Wote hao wajinga, mwerevu ni Meru peke yake?

Mmeru wa Busia: Waingereza walishauriwa na kamati yao wenyewe ya wataalamu wasiipige marufuku, wakaipiga. Soma kwanza, Mwalimu.

Mama Kato (Jinja): Jamani, niliuliza filamu.

Binti Arua: Mama Kato, nakujibu mimi. Kaka yangu alikuwa teja na hakufanana hata kidogo na yule wa chooni. Alikuwa akioga mara mbili, akipiga pasi shati hadi kola inasimama, anamsalimia baba kwa magoti yote mawili. Sisi tulikuwa tunasubiri atetemeke kama kwenye sinema, ndipo tuamini. Sufuria za mama zilianza kutoweka kuanzia ile kubwa ya sherehe, ambayo hamna mtu anaitafuta mpaka Krismasi. Halafu filamu inaisha mtu amekufa au amepona, muziki unapigwa. Hakuna anayeonyesha mtu anayekwenda hospitali ya Butabika kila asubuhi kunywa methadone, dawa ya kumtoa kwenye unga, mbele ya nesi, anarudi nyumbani, kesho tena, na mama bado analala na pochi chini ya mto. Kaka alianza na mairungi ya kukeshea mitihani, lakini hilo si...

Mkulima Butambala: Nilijua tu tutafika hapo! Kila teja wa nchi hii akiulizwa, "nilianza na mairungi". Mbona hasemi alianza na soda? Dada, pole kwa kaka, lakini usiniwekee jeneza mlangoni.

Binti Arua: Mzee, hajafa. Na umesoma mstari mmoja katika yote niliyoandika.

Mwalimu wa Mutukula: Huyo anasoma panapotajwa shamba lake tu. Halafu na Kiswahili hicho cha kambi ya jeshi...

Afande Mstaafu: Mwalimu, koma hapohapo. Hicho cha kambini ndicho tulichoongea wakati nyie mlikuwa mnajificha. Leo kimekuwa lugha rasmi mnajidai mmekileta nyie. Na kambini mairungi yalikuwapo, lindo la usiku wa manane sikulala hata mara moja.

Wakili Bila Joho: Afande, hapo umejishtaki mwenyewe.

Fundi Redio (Kisenyi): 😂😂 Kesi imefungwa. Lakini Binti Arua, ile ya sufuria VJ yeyote ataiua kwa kicheko, nakwambia kweli. Ndiyo maana haitengenezwi. Nani atalipa shilingi kumtazama mtu anapiga pasi?

Binti Arua: Wewe ulicheka?

Fundi Redio (Kisenyi): Sikucheka. Ila mimi si mteja wa kawaida.

Mama Kato (Jinja): Binti Arua, asante mwanangu. Nitakutafuta pembeni.

Mkulima Butambala: Basi nimalize, maana mmenichokoza. Wakili, serikali ikiniletea zao linalolipa kila wiki, nang'oa mairungi yote kesho. Kahawa inakaa miaka mitatu shambani haijakupa hata ya chumvi. Mairungi unakata leo, jioni una hela.

Wakili Bila Joho: Mzee, bei ya kahawa ilipanda mpaka wakulima wakawa wanalala shambani na mbwa wakilinda. Hukuisikia?

Mmeru wa Busia: Angeisikia wapi, mdomo umejaa.

Mkulima Butambala: Wewe wa Meru ndiye wa kunisema mimi mdomo umejaa?! Weka picha ya meno yako hapa tuone.