Ng'ombe wa nyama wamekonda, mvua bado: niuze baadhi au ninunue mashudu niwabakize wote?

Mfugaji_Kongwa
Mbukwenyi wakuu, habari za kazi.

Nipo Kongwa, Dodoma. Nina ng'ombe 38 wa nyama, wengi chotara wa Boran na ng'ombe wetu wa asili. Oktoba inaisha, malishoni kumebaki vijiti na vumbi. Mabua niliyokusanya baada ya mavuno yanaelekea kwisha. Majike 9 wana mimba kubwa, watazaa kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, na hao ndio waliokonda kuliko wote. Maji yapo lamboni lakini ni mwendo.

Kinachoninyima usingizi si kiangazi peke yake. Mwaka jana mifugo ilifika hadi mvua ikiwa hai, tukamshukuru Mungu, kisha vifo vikaanza mvua iliponyesha. Wengine tuliwakuta wamelala asubuhi hawainuki. Ndama walikohoa na kuvimba tezi chini ya masikio, wakaisha mmoja mmoja.

Nina akiba kidogo ya fedha. Niuze baadhi sasa, wakati bei ya mnadani imeshuka, au akiba yote iende kwenye mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, niwavushe wote? Na mvua ikianza, nifanye nini ili yale ya mwaka jana yasijirudie? Natanguliza shukrani.

Dalali wa Mnadani
Mkuu, uza, tena wiki hii. Bei ya leo unaiona mbaya, lakini mvua ikichelewa kila mtu ataleta ng'ombe kwa mpigo na wanunuzi watachagua wanavyotaka. Ng'ombe anayetembea vizuri hadi mnadani ana mnunuzi. Anayeshushwa kwenye gari kwa kubebwa hana.

Anza na maksai wakubwa, kisha majike wakongwe ambao meno yamelika, maana hao hata mvua ikija hawarudi mwili. Halafu majike wasio na mimba ambao hawajazaa muda mrefu. Mitamba wazuri na wenye mimba usiwaguse.

Afisa Mifugo Mstaafu
Naungana na Dalali, na nitakuonyesha hesabu yenyewe. Ng'ombe wa kilo 250 anakula takribani kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Wako 38 ni kilo 228 kila siku. Tukikadiria siku 40 mpaka nyasi zijae mdomoni, ni zaidi ya tani 9. Hakuna akiba kidogo inayonunua tani 9 kwa bei za Oktoba.

Mashudu hayanunuliwi ili kujaza tumbo. Mabua na nyasi zilizokauka zina protini ndogo sana, na ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula vinakosa nguvu. Ng'ombe anakula kidogo, anakaa nacho muda mrefu, anakonda huku tumbo limejaa. Ukimpa kilo moja ya mashudu ya alizeti kwa siku, vile vijidudu vinaamka na yale yale mabua yanaanza kumfaa. Kwa hiyo tenga majike 9 wenye mimba pamoja na waliodhoofika sana, uwalishe peke yao. Kwa majike 9, siku 40, unahitaji kilo 360. Hiyo unaiweza, hasa ukiuza maksai kadhaa. Ukimwaga mashudu kwenye zizi zima, madume watakula ya wagonjwa.

Chumvi ya mifugo iwepo muda wote. Matunda ya migunga yakiokotwa na kupondwa ni chakula kizuri sana cha msimu huu, waambie vijana wasiyaache yaliwe na mbuzi peke yao.

Kijana wa Kibaigwa
Mimi naona urea ni rahisi kuliko mashudu. Changanya ile ya shambani na maji ya kunywa, protini inapanda haraka.

Afisa Mifugo Mstaafu
Kijana, hapana, na naomba mtu yeyote anayepita hapa asome hili. Urea kwenye maji ya kunywa inaua. Ng'ombe mwenye njaa na kiu anakunywa nyingi kwa mara moja, anaanza kutetemeka, kutoa povu, tumbo linajaa, na anaweza kufa kabla hujapata msaada.

Urea ina matumizi yake. Kwa kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa, yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 50 hadi 60 za maji, nyunyizia sawasawa, shindilia kwenye shimo au funika kwa turubai hewa isipite, yaache wiki 3. Ukifungua, yaache yapigwe upepo mpaka harufu kali ipungue, ndipo uwape kidogo kidogo. Ndama wasipewe. Mfugaji, ukianza leo utayatumia katikati ya Novemba. Kama huna mtu makini wa kusimamia, acha kabisa, tumia mashudu.

Mfugaji_Kongwa
Nimeelewa, asanteni sana wazee wangu. Jumamosi napeleka maksai na wale wakongwe. Sasa lile la pili: kwa nini wanakufa mvua ikinyesha, wakati walivumilia jua lote lile?

Mama Ng'ombe Mpwapwa
Pole sana mwanangu, hilo limewaliza wengi. Ng'ombe anafika Novemba amemaliza mafuta yote ya mwilini. Inakuja mvua ya usiku na upepo, zizi halina paa, analowa mpaka ngozi. Mwenye mwili anatetemeka anapata joto. Aliyekonda hana cha kuchoma. Ndiyo wale mliowakuta hawainuki. Jenga banda la nyasi au turubai upande unaotoka upepo, hata la wale dhaifu na ndama tu. Zizi lisiwe bondeni kwenye matope.

La pili ni majani mabichi. Yakichipua, ng'ombe anaacha mabua na kukimbilia kijani. Yale majani ya siku za kwanza ni maji matupu: anatembea mchana kutwa kuyatafuta, anaharisha, anazidi kukonda machoni pako huku nchi imependeza. Kwa hiyo usimalize mabua yote kabla ya mvua! Bakiza ya wiki 2 au 3, wapate asubuhi kabla ya kutoka. Mashudu nayo usiyakatishe mvua ya kwanza.

Na chunga mashamba ya mtama. Visiki vya mtama vinachipua upya mvua ikigusa, na machipukizi yale mafupi yana sumu ya sianidi. Ng'ombe anayeyala kwa njaa anaanguka muda mfupi tu, anahema kwa shida. Mwambie mchungaji wako kwa jina la shamba, hapa usipite mpaka mtama uwe mrefu. Kumwambia tu "angalia mtama" haitoshi.

Afisa Mifugo Mstaafu
Mama amemaliza upande wa lishe. Kuhusu wale ndama, kuvimba tezi chini ya masikio, homa na kikohozi, mimi nafikiria ndigana kali kwanza, ingawa sikuwaona. Kupe wa kahawia wa masikioni wakubwa wanajitokeza kwa wingi mvua zinapoanza, na ndio wanaoueneza. Ipo chanjo ya ndigana kali, inachanjwa mara moja na kinga yake hudumu. Lakini ng'ombe dhaifu au mgonjwa hachanjwi, kwa hiyo zungumza na daktari wa mifugo wa wilaya sasa, si siku wameanza kukohoa. Josho liwe kila wiki kipindi chote cha mvua, dawa ipimwe kama lebo inavyosema. Wengi wanazimua ili itoshe, kupe wanazoea dawa. Akiugua, dawa ya buparvakwoni inasaidia ikiwahi. Pima joto la ndama kila unapoona mmoja amejitenga.

Chanjo ya kimeta na chambavu ichanjwe kabla ya mvua. Chambavu hupenda ndama walionona. Ng'ombe akifa ghafla na damu inatoka puani au nyuma, huenda ni kimeta: usimpasue, usimchune, usiruhusu jirani achukue nyama. Toa taarifa.

Jingine: mvua zikiwa kubwa kupita kawaida na majike wengi wakatupa mimba kwa wakati mmoja, fikiria Homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2007 mkoa wetu wa Dodoma uliumia vibaya, watu walikufa. Usishike kitoto kilichotupwa kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe.

Mfugaji_Kongwa
Swali la mwisho. Dume langu yuko na majike mwaka mzima. Ndiyo maana wananizalia wakati wa njaa?

Mama Ng'ombe Mpwapwa
Ndiyo. Mimba ni miezi 9 na siku kadhaa. Wanaozaa Novemba walipandwa Februari. Mtenge dume, umwingize mwisho wa Machi hadi Mei. Majike watakuwa na mwili baada ya kula mvua nzima, watashika mimba vizuri, na watazaa kuanzia Januari nyasi zikiwa zimekomaa kidogo. Mwaka wa kwanza utapoteza ndama wachache waliokuwa waje mapema. Mimi ningekubali hasara hiyo.

Mfugaji_Kongwa
Nitamjengea zizi lake mwezi huu kabla vijana hawajaingia shambani kulima.