Namba mbili asiyejua pasi: nilikuwa PEKE YANGU chini ya ringi!

Mzee wa Ribaundi

Wakuu, salamu zitakuja baadaye, kwanza niitoe hii nyongo.

Simtaji jina. Mnamjua. Kila aliyewahi kukanyaga kiwanja chetu anamjua. Yule namba mbili (mrushaji wa kutoka mbali) wa kitambaa cheupe kichwani, anayepasha misuli huku anajirekodi, anayekuja na chupa yake ya maji ya lita moja na nusu na hamgawii mtu hata funda. Ningejua mapema. Mtu anayenyima maji, pasi ataitoa wapi?

Leo fainali ya bonanza la kikapu. Zawadi ya bingwa ni mbuzi. Na mbuzi mwenyewe yuko pale pale, kafungwa kwenye nguzo ya ringi ya pili, anatafuna boksi la juisi na kutuangalia. Tuko nyuma pointi moja. Muda uliobaki unatosha shambulizi moja tu. Mimi namba tano, yule mrefu wa chini ya ringi, nimemgeuza beki wangu, kateleza, nasikia mpaka sasa anatafuta kiatu. Niko chini ya ringi. PEKE YANGU. Mikono yote miwili juu kama natekwa. Namba nne wao kanisahau. Refa ananiona. Mama muuza mihogo ananiona, anapiga kelele "mpeni huyo mrefu!" Mbuzi ananiona. Nimesimama pale mpaka ndevu zimeota.

Yeye yuko pembeni nje ya mstari wa pointi tatu na watu watatu mwilini. Watatu! Sisi watano, wao watano. Mtoto wa darasa la pili atakwambia wamebaki wawili wa kuwalinda wenzake wanne. Ilitakiwa pasi moja tu ya kudundisha, ile wanayofundishwa watoto siku ya kwanza kabla hata hawajagawiwa jezi. Jamaa kanitazama. Nasema KANITAZAMA, macho kwa macho, akanitikisia na kichwa, nikajua inakuja, nikapanua vidole. Kumbe ananifanya chambo! Mabeki wamegeuka kunitazama mimi, yeye kadribo kulia, kadribo kushoto, kapitisha katikati ya miguu, vijana kwenye ukuta "ooooh", karuka huku anarudi nyuma, karusha, mkono kauacha hewani ili apigwe picha.

Mpira haukugusa ringi. Haukugusa ubao. Nyavu haukugusa pia, ila hizo hazipo toka mwaka juzi (na hilo lina uzi wake, mwenyekiti ajiandae). Umepita juu, umevuka uzio, umetua kwenye karai la mihogo. Karai la moto! Mpira umeiva upande mmoja. Mama wa watu anadai mafuta yake mpaka muda huu.

Filimbi. Mbuzi kaondoka na wenyewe.

Sasa sikieni kilichoniua. Mikono yangu bado iko juu, sijaishusha, nimeganda. Jamaa kaja taratibu anajifuta jasho na kile kitambaa, kanitazama juu mpaka chini, kaniuliza mbele ya watu: "Ulikuwa wapi?"

MIMI. NILIKUWA WAPI. Mtu wa mita moja na tisini na kitu, mikono juu, chini ya ringi, peke yangu!

Nimefika nyumbani, sijavua hata soksi, nafungua WhatsApp, naona stetasi yake. Kaweka picha ile ya kuruka, wamekata karai lisionekane, chini kaandika: "Kubeba timu mgongoni si mchezo." Kubeba? Umetubeba kutupeleka wapi, kwenye mihogo?

Na msije kuniambia namba mbili kazi yake kufunga. Najua. Klay Thompson wa NBA, ile ligi ya Marekani, ni namba mbili, Desemba 2016 aliwapiga Indiana pointi 60 ndani ya dakika 29, na mpira kaudundisha mara 11 tu. Huyu wetu 11 anazimaliza kabla hajavuka mstari wa kati. Michael Jordan mwenyewe, fainali ya 1997 na Utah, wamemjia wawili, kampa mwenzake Steve Kerr aliyekuwa wazi, Kerr kaweka, kombe hilo. Jordan! Wewe umemzidi Jordan nini zaidi ya kitambaa?

Nauliza tu: ile pasi angenipa, angepungukiwa nini? Nilikuwa peke yangu wakuu. Peke yangu.

Nawasilisha.

Bisi za Moto

Nimeshakaa siti ya mbele. Endeleeni.

Kipa Mstaafu

Huyo namjua! Si yule wa Tegeta mwenye Vitz nyeusi?

Dogo wa Nyegezi

Acheni uongo, huyo mtu yuko Mwanza, jana tu kaninyima pasi.

Chuga Moja

Wote mmekosea. Yuko Arusha. Kitambaa chake chekundu lakini ni yeye, hizo tabia haziwezi kuwa za watu wawili.

Refa wa Mtaa

Mleta mada pole, ila nikusaidie kitu. Kwa maandishi yako mwenyewe ulisimama chini ya ringi "mpaka ndevu zimeota". Sheria ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani, iko wazi: timu yako ikiwa na mpira eneo la mbele, huruhusiwi kukaa ndani ya boksi (lile eneo lililochorwa chini ya ringi ya wapinzani) zaidi ya sekunde 3 mfululizo. Zikizidi ni kosa, mpira wanapewa wapinzani. Kwa hiyo hata angekupa pasi, ukadanki, ukaning'inia, kikapu kinafutwa. Jamaa kakuokoa na aibu.

Mzee wa Ribaundi

Refa, nilikuwa naingia na kutoka! Ndevu ni namna ya kusema tu!

Refa wa Mtaa

Umeandika NIMESIMAMA. Nimeshahifadhi kabla hujahariri.

Mzee wa Ribaundi

Naona na wewe ni wale wale wa kitambaa.

Damu ya Zambarau

Hizi kelele za "toa pasi" huwa zinatoka kwa watu wasiojua kufunga. Tarehe 22 Januari 2006, Kobe Bryant wa Lakers dhidi ya Toronto: pointi 81, mitupo 46, asisti (pasi za kufungisha) 2. MBILI. Lakers wakashinda 122 kwa 104. Mechi yake ya mwisho Aprili 2016 karusha mara 50, kapata pointi 60, wakashinda tena. Mfungaji aachwe afunge. Wewe namba tano kazi yako ni kugombea mpira akikosa. Hiyo ribaundi iko wapi, au nayo ulisubiri uletewe mkononi?

Mzee wa Ribaundi

Ribaundi ya wapi wewe? Mpira umeenda kwenye MIHOGO! Nikagombee na nani, na mama wa watu kwenye mafuta? Na Kobe alikuwa anaziweka!

Damu ya Zambarau

Kobe pia alikuwa anakosa. Tofauti ni kwamba wenzake hawakuwa wanalia usiku.

Pofu la Boksi

Walikuwa wanalia sana tu. Shaq, namba tano wa Kobe pale Lakers, kalia mpaka 2004 kahamishiwa Miami, 2006 kavaa pete nyingine ya ubingwa akiwa na Wade. Kaka mleta mada, hama timu. Sisi wa chini ya ringi tunatumika vibaya, tunaweka kizuizi, tunapigwa viwiko, tunaokota mpira, tunampa mtu, halafu hatuuoni tena mpaka akose.

Damu ya Zambarau

Na Kobe bila Shaq kachukua ubingwa 2009 na 2010. Endelea na hesabu mzee.

Tai wa Memphis

Jamani mkitaja 2009 mnanitonesha. Mwaka ule ndio Hasheem Thabeet wetu kachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA nzima, na timu ya Memphis. James Harden wa tatu, Curry wa saba! Mtu wa mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kule, msimu wa kwanza tu wakamshusha ligi ya chini. Namba tano wa nchi hii kunyimwa mpira hakujaanza leo.

Kipa Mstaafu

Usimsingizie mtu kunyimwa pasi. Yule kule alichukuliwa kwa ajili ya kuzuia. Wangempa tu muda wa kukua.

Tai wa Memphis

Wewe ulikuwa kipa, kikapu umekijulia wapi?

Kipa Mstaafu

Kwani kipa hana mikono?

Jamaa wa Buruburu

Nyinyi watu mnalia juu ya mbuzi mmoja? Huku kwetu Nairobi tulikuwa na mmoja hivyo hivyo. Kocha akasema tumfanye namba moja, ndio alazimike kupeana pasi. Sasa anadribo kutoka ringi yetu mpaka ya wenyewe, na akifika huko anarudi nayo tena. Usijaribu hiyo kitu.

Mkufunzi Kivuli

Tatizo lenu ni kucheza bila saa ya mashambulizi. Kwenye ligi una sekunde 24 za kurusha, ukipata ribaundi ya mbele zinarudishwa 14, hakuna muda wa kupitisha mpira miguuni ili vijana wa ukutani washangilie. Mwekeeni mtu mwenye simu pembeni ahesabu kwa sauti. Akifika ishirini wote mpige kelele. Huyo atatoa pasi hata kwa mbuzi.

Winga Teleza

Ninyi wa kikapu mna nafuu. Njooni kwenye ndondo. Straika wetu juzi kamchenga kipa, goli liko tupu, kasimama kwenye mstari, kageuka NYUMA amsubiri kipa ainuke amchenge tena. Kipa kainuka, kauchukua mpira, kaupiga mbele, tukafungwa sisi. Hakuomba hata samahani, anasema uwanja una kokoto.

Refa wa Mtaa

Uwanja upi huo?

Winga Teleza

Mkuu nikiutaja leo, kesho nakaa benchi.

Sauti ya Pili

Mimi si mwanamichezo, nimeingia humu kwa bahati mbaya, lakini uzi huu umenigusa. Kwaya yetu kuna dada wa sauti ya kwanza, sitamtaja, wanakwaya wenzangu mpo humu mnamjua. Anaanzisha yeye, anaitikia yeye. Ile sehemu ambayo sisi tunatakiwa kuingia, hatuachii hata nafasi ya kuvuta pumzi. Jumapili kainama kunywa maji ndipo tukapata kusema "Amina".

Bisi za Moto

Atakuwa mke wa namba mbili huyo. Hilo familia lina maji yao binafsi.

Sauti ya Pili

Halafu tukimaliza mchungaji anamshukuru yeye tu. Na sare tumelipa sawa!

Dogo wa Nyegezi

Dada usitaje sare, hapo umegusa donda. Sisi mhazini kakusanya elfu kumi na tano kwa kila mchezaji toka Pasaka. Kila tukiuliza jezi, "ziko kiwandani". Kiwanda gani kinashona jezi kumi mpaka masika mengine yanaingia? Wiki iliyopita kaja mazoezini na pikipiki mpya.

Chuga Moja

Afadhali nyie hazijaja. Zetu zimekuja zote namba 7. Mezani mwandika matokeo anaita "saba, faulo", tunainua mkono wachezaji wote, na wa benchi.

Jamaa wa Buruburu

Nimecheka hadi mtoto ameamka.

Mzee wa Ribaundi

Jamani turudi kwenye mada. Nilikuwa peke yangu…

Dogo wa Nyegezi

Mzee tunakuelewa, ulikuwa peke yako, mbuzi shahidi. Subiri kidogo. Chuga, hizo jezi mlizirudisha?

Chuga Moja

Tumezichora kwa peni ya nguo. Mimi ni 71 sasa. Kuna mwenzangu kajiandika 7B.

Pofu la Boksi

Kwetu jezi zipo ila ufuaji ni vita. Zamu inazunguka, ikifika kwa yule mmoja wetu (hamumjui, msijifanye), zinarudi zikinuka dagaa. Zote. Anazianikia wapi mtu huyu? Wapinzani wamekataa kutulinda kwa karibu, nadhani ndio maana tunaongoza kundi.

Mkufunzi Kivuli

Hiyo ni mbinu, msimwambie aache.

Tai wa Memphis

Nje ya mada kidogo wadau: raba za kikapu namba kubwa mnapata wapi? Mguu wangu 46, madukani mwisho wao 44. Nacheza na za kukimbilia, kifundo kimeshateguka.

Belo la Asubuhi

Njoo soko la Karume, Dar, mkuu. Nimefungua belo leo alfajiri, kuna za kikapu za shingo ndefu, soli bado nene, hazijalika hata kisigino. 46 ninazo mbili, moja nyekundu, moja nyeusi.

Jamaa wa Buruburu

Hizo za Karume si ni zile za kwetu Gikomba zimepanda basi?

Belo la Asubuhi

Wewe baki na Gikomba yako. Hapa tunaongelea mzigo wa daraja la kwanza.

Sauti ya Pili

Na viatu vya kike vya kisigino kifupi vipo? Vya kuimbia.

Belo la Asubuhi

Vipo dada, ila wahi kabla hawajachagua wa jumla.

Mzee wa Ribaundi

Mkuu wa belo, 47 ipo?

Belo la Asubuhi

Ipo moja tu, nyeupe na bluu, kamba ya kushoto imekatika. Elfu hamsini na tano.

Mzee wa Ribaundi

Arobaini na tano, nije kesho asubuhi na hela mkononi.

Belo la Asubuhi

Hamsini, na kamba nakutafutia mimi.

Tai wa Memphis

Mzee, 46 nyeusi ni yangu, usije ukabadilisha mawazo hapo.

Mzee wa Ribaundi

Haiwezi kuniingia hiyo. Belo, niwekee 47, usimpe mtu. Saa mbili niko hapo.